Kiingereza cha Mikataba

Najua kusema kwa Kiingereza kwamba pande zote mbili zinatakiwa kuweka silaha chini bila masharti. Najua kulaani vikali, najua kusikitika, najua kuonyesha wasiwasi mkubwa. Lakini ukiniuliza kijiko kinaitwaje kwa lugha hiyo, au kifuniko cha sufuria, au kiwiko cha mkono, nabaki nimekodoa macho. Habari nilizojifunzia Kiingereza hazina jiko wala mwili wa mtu. Zina meza, viti na maazimio.

Nilifundisha Kifaransa miaka kumi na minne katika shule ya sekondari hapa Goma, na Kiingereza nilikidharau. Nilikiona ni lugha ya watu wa kupita, wale wanaoshuka kwenye magari makubwa wakiwa na vizibao vyenye mifuko mingi. Kisha mji ukatekwa, ukapata wenyewe wapya. Shule ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, nami nikabaki nyumbani, mtaa wa Katoyi, na boksi la chaki ambalo hakuna aliyenidai. Mimi ni mtu wa hasira, na mtu wa hasira akikosa kazi anakuwa balaa kwa walio karibu naye. Nilihitaji kitu cha kushughulisha kichwa.

Kilichonisukuma hasa ni hiki. Wakubwa wetu walikuwa hawakutani tena kwetu wala karibu na kwetu. Walikutana kwenye hoteli za nchi za mbali, zenye mazulia, na matamko yao yalitoka kwanza kwa Kiingereza. Kifaransa kilifuata baada ya saa kadhaa, Kiswahili kilifika jioni, na njiani kila mmoja alikuwa ameshatia chumvi yake. Redio moja ilisema vita vimekwisha, nyingine ilisema ndiyo kwanza vinaanza, na zote zilidai zinanukuu karatasi ileile. Nikajiambia nitaisoma karatasi yenyewe. Niliamini kabisa kwamba mtu akijua Kiingereza hatadanganywa tena.

Tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa mama mfanyabiashara kutoka Butembo anayekaa mtaa wa Katindo, muuza vitenge, mwanamke mnene wa sauti na mwepesi wa hesabu, aliyetaka kujua kubishana bei na watu wa Kampala. Wa pili alikuwa papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee hapa, aliyefanya kazi uwanja wa ndege kwa miaka mingi, kazi ya kubandika lebo kwenye mizigo. Ndege zilikuwa hazitui tena, lakini aliendelea kuvaa suruali yake ya kazi, imepigwa pasi. Wa tatu nilikuwa mimi, na kwa kuwa nilikuwa na chaki, waliniita Madamu na kuniachia ualimu.

Tulikutana uani kwangu asubuhi, tukaketi juu ya mawe meusi ya volkano tuliyofunika kwa magunia. Papa alikuja na simu yenye taarifa ya habari aliyoipakua alfajiri, wakati mtandao una nguvu. Tulisikiliza mara tatu. Kisha niliandika neno moja kwenye ukuta wa mbao wa nyumba yangu, na kila mtu alitakiwa kulitungia sentensi inayohusu maisha yake mwenyewe, si maisha ya marais. Hiyo ilikuwa sheria yangu na nilikuwa mkali nayo.

Siku ya "withdrawal", yaani kuondoka kwa majeshi, mama wa vitenge alisema kwamba mama mkwe wake amekubali kuondoka nyumbani kwake bila masharti, lakini hajataja tarehe. Papa akasema ana wasiwasi mkubwa juu ya mbuzi wa jirani na anazitaka pande zote zijizuie. Tulicheka mpaka machozi. Naona aibu kidogo kusema kwamba ile miezi, mji ukiwa umekabwa koo, nilikuwa na asubuhi nzuri kuliko nyingi nilizopata darasani.

Mama yangu alikuwa akitusikiliza kutoka mlangoni, akichagua maharagwe.

Yeye ni mtu wa milima ya Masisi. Alikuwa na shamba la maharagwe na viazi, na nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, kaburi la baba yangu. Alikimbia vita mara tatu katika maisha yake, na mara mbili za kwanza alirudi. Mara ya tatu aliishia chini ya turubai, magharibi ya mji, pamoja na maelfu ya wengine, na akakataa kuja kwangu kwa sababu, alisema, kwangu ni mbali na nyumbani kwa kilomita kadhaa zaidi. Zile kambi zilipovunjwa na watu kuambiwa waende zao, nilimfuata mimi mwenyewe, nikamkuta ameketi juu ya gunia lake mahali ambapo palikuwa na hema, kana kwamba hema litarudi. Nikamleta Katoyi. Chumba changu tukakigawa kwa pazia.

Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonikera. Aliamka kabla yangu, akafagia ua wenye mawe matupu, akaketi. Ila alikuwa na swali lake. Kila siku, somo likiisha, aliniuliza.

"Kizungu ya leo inasema je? Nirudie, ao nibakie?"

"Bado, mama."

"Bado mingi, ao bado kidogo?"

Hilo ndilo jambo alilolitaka, hakutaka lingine. Arudi kwake kabla ya msimu wa kupanda kwisha, apalilie kaburi la mumewe ambalo misimu miwili lilikuwa limeachwa likimezwa na majani, na siku yake ikifika alazwe pale pembeni. Aliwahi kuniambia kwamba anaona haya. Aliposema hivyo nilifikiri anaona haya kwa kula chakula changu, nikamkaripia. Kumbe alikuwa anamwonea haya baba.

Basi mwezi wa nane wale wakubwa wakatia saini.

Papa alifika mapema kuliko kawaida, na safari hii hakuleta sauti peke yake, alileta video. Tuliinamia kioo cha simu wote watatu, vichwa vimegusana. Ukumbi mrefu, bendera, meza inayong'aa. Watu wa pande mbili waliovaa suti nyeusi wakapeana mikono, wengine wakapiga makofi. Nilielewa karibu kila neno. Nilielewa "ceasefire", kusitisha mapigano. Nilielewa kwamba wamejifunga, kwamba wamedhamiria, kwamba raia watarejea makwao kwa usalama na heshima. Sikuhitaji redio yoyote kunitafsiria. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyepata mtihani mgumu na akakuta maswali yote anayajua. Nikasoma kwa sauti, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, na nilipofika kwenye raia watarejea makwao niliinua kichwa nikamtazama mama.

Alikuwa amesimama. Maharagwe ameyaacha kwenye ungo.

"Balikunywa?" akauliza.

Wenzangu hawakuelewa kwa nini anauliza kama walikunywa. Mimi nilielewa. Kwetu milimani, watu wawili wakigombana, maneno ya kupatana hayatoshi, hata kama wameyasema mbele ya watu wazima. Nikiwa msichana mdogo, ng'ombe wa jirani waliingia kwenye maharagwe ya baba mdogo wangu na kuyamaliza. Ugomvi ulichukua mwaka. Siku ya kupatana, aliyekosa alileta kasiksi, ile pombe ya ndizi, na wote wawili wakanywa kutoka kibuyu kimoja, mwenye kosa akitangulia kuonja. Kesho yake asubuhi walionekana wakitengeneza ua pamoja. Hakuna aliyewahi kunywa halafu akasema sasa tusubiri utekelezaji. Asiyetaka kupatana hakunywa, akaenda zake, na watu wakajua bado kuna vita.

Kwa hiyo mama hakuuliza neno la bure. Aliuliza kitu kimoja chenye uhakika ambacho anakijua duniani kuhusu amani.

Mimi nilikuwa nimeona mezani. Mbele ya kila mtu palikuwa na chupa ndogo ya maji, kizibo hakijafunguliwa. Baadaye, wakati wa makofi, mmoja wao alifungua ya kwake akapiga funda. Hicho ndicho nilichokiona.

"Balikunywa, mama," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningeweza kusema nilitaka kumfurahisha, na watu wangeniamini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na lile swali. Nilikuwa nimechoka na pazia, na kukohoa kwake usiku, na ule uvumilivu wake uliokuwa ukinisuta bila kufungua mdomo. Na zaidi ya yote nilitaka Kiingereza changu kiwe cha kweli. Nilikuwa nimeusoma mkataba wenyewe, bila mtu wa kati, na hapa mwanamke asiyejua kusoma ananiuliza habari za pombe. Jibu refu lilikuwa kumweleza kwamba wale hawanywi pamoja, kwamba kwao karatasi inatosha. Jibu fupi lilikuwa ndiyo. Nikachukua fupi.

Mama wa vitenge alinitazama, akaangalia pembeni.

"Pamoja?" mama akarudia.

"Pamoja."

Aliondoka baada ya siku nne. Nilimsindikiza mpaka zinapopakia gari za kwenda Sake, mji ulio chini ya milima yao. Alikuwa na gunia, blanketi, jembe lisilo na mpini kwa sababu mpini alisema atauchonga kwake, na mbegu za maharagwe alizokuwa amezichagua moja moja mlangoni kwangu miezi yote ile. Mimi nilikuwa nikidhani anachagua ya kupika. Alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hana mazoea nalo, akaniambia kusoma ni kitu kizuri. Nilirudi nyumbani nikaondoa pazia.

Majuma matatu yaliyofuata yalikuwa ya heri. Kila Jumapili baada ya misa alipanda mahali panaposhika mtandao, akaazima simu ya katekista na kunipigia. Nyumba ilikuwa imepoteza mabati lakini kuta zilisimama. Kaburi alilipalilia siku ya kwanza kabla hata hajawasha moto. Maharagwe yalikuwa yameshaingia ardhini.

Mara ya tatu alipopiga aliniambia ana majirani sasa. Familia tatu zilizokuwa bado zimejibanza Sake, zinaogopa kurudi mlimani, alizitumia ujumbe, nazo zimekuja.

"Baliniuliza mambo iko namna gani," alisema. "Nikabaambia, mutoto wangu aliona na macho yake. Balikunywa pamoja."

Nilipaswa kusema pale. Simu ilikuwa sikioni, yeye alikuwa mlimani, kulikuwa na siku za kutosha watu kushuka. Nikamuuliza kama mvua imeanza. Akasema imeanza vizuri.

Asubuhi ambayo siwezi kuisahau tulikuwa watatu kama kawaida, na taarifa ilikuwa fupi, karibu na mwisho, baada ya habari za nchi nyingine zenye vita vikubwa kuliko vyetu. Mtangazaji alikuwa na sauti tulivu, rahisi kufuata. Niliwachezea mara tatu. Kisha nikatafsiri, kipande kwa kipande, kama ninavyofanya siku zote: mapigano mapya yameripotiwa katika milima iliyo magharibi ya Goma, licha ya makubaliano. Raia kadhaa wameuawa. Kila upande unaulaumu mwingine kwa kuanza. Wapatanishi wameonyesha wasiwasi mkubwa.

Tafsiri ilikuwa nzuri. Niliona kwamba ni nzuri. Papa alijaribu kurudia ile sehemu ya kulaumiana na ulimi ukamkwama, nikamrudisha, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akatamka sawasawa. Nikageuka ukutani, nikaandika neno la kulaumu, nikamwambia kila mmoja anipe sentensi inayohusu maisha yake.

Walitazamana wao kwa wao. Nikafikiri hawajaelewa, nikaanza kueleza tena.

"Madamu," akasema mama wa vitenge polepole, "ile milima, si ni kule kwa mama yako?"

Chaki ilikuwa mkononi. Naapa kwamba mpaka dakika ile nilikuwa sijafikiri. Nilikuwa nimeyasikia maneno yote, nimeyaelewa yote, na hakuna hata moja lililonigusa. Miezi ile yote nilidhani najifunza kujua kinachotupata. Nilikuwa nimejifunza kukisikia bila kuumia, kwa matamshi mazuri.

Simu ya katekista haikupatikana siku ile, wala zilizofuata. Nilisimama kwenye kituo cha gari za Sake nikiuliza kila anayeshuka. Siku ya kumi na moja mama alikuja kwa miguu yake, akiongozwa na msichana wa moja ya zile familia tatu. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka goti. Hakuwa na gunia wala jembe. Yule msichana alikunywa maji, akala, na kesho yake akaenda kwa shangazi yake bila kuniaga, na sikumlaumu. Mama yake alikuwa amebaki kule, katika shamba la maharagwe, pamoja na mtoto wa mgongoni. Waliokimbia hawakuweza hata kuwafunika kwa udongo.

Nilimkanda mama mguu kwa maji ya chumvi siku tatu. Siku ya tatu aliniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu.

"Uliona na macho yako?"

Nikamwambia ilivyokuwa.

"Ilikuwa maji, mama. Kila mutu na chupa yake."

Nilingoja anitukane. Ningemshukuru.

"Maji," akasema. Kisha akauondoa mguu wake mikononi mwangu, taratibu, akajikausha mwenyewe.

Nilirudisha pazia. Darasa tulilisimamisha, halafu likaanza tena lenyewe, kwa sababu papa hakuwa na pengine pa kwenda asubuhi na suruali yake iliyopigwa pasi. Juma lililopita kulikuwa na habari ya mazungumzo mapya, ukumbi mwingine, meza nyingine. Sasa kuna neno "roadmap", yaani ramani ya njia, ambalo halina uhusiano na barabara yoyote ninayoijua. Nililiandika ukutani. Mama wa vitenge akasema leo hana sentensi. Papa akasema naye hana. Mimi pia sikuwa nayo, tukaketi tu pale juani, watu wazima watatu, tukitazama ukuta.

Nilikuwa nikimngoja mama aulize. Tangu aliporudi hajauliza hata siku moja Kizungu kinasema nini, na mimi, niliyekuwa nikilichukia lile swali, nimekuwa nikiliomba moyoni. Maana akiuliza nitajua bado ana mahali anapotaka kwenda.

Siku ile somo lilipoisha na wenzangu kuondoka, aliniita nikaketi karibu naye mlangoni.

"Hapa Goma," akasema, "munazikaka batu wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono upande wa makaburi. Akauliza kama na kule ni mawe matupu kama uani kwetu. Nikamwambia ni mawe, mama, ni volkano tupu. Akataka kujua sasa wanachimbaje. Nikamweleza kwamba hawachimbi, wanavunja, kwa sururu na nyundo, na kaburi moja linaweza kuchukua siku mbili.

Alifikiri kidogo. Akasema basi nianze kutafuta watu wa kuvunja mapema, ili siku yake ikifika nisisumbue majirani.